Mhariri wa Duka la Vitambaa

Mtu ninayetaka kumwandika hakuwa na gari, hakuwa na shahada, na koti lake la kahawia lilikuwa na viraka viwili vya rangi tofauti, yeye mwenye duka lililojaa majora ya vitambaa hadi darini. Hata hivyo kwa miaka kumi na moja nilimwonea wivu, na kwa ajili yake nikawaonea wivu watu wengine ambao hawakunikosea kitu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani naandika kwa upendo peke yake. Upendo upo, ila kijiba cha roho kilitangulia.

Sisi tulimwita Mhariri. Hapa Babati wengi walimjua kama mwenye duka tu. Mama aliyetoka Mutuka kununua kitambaa cha sare za watoto hakujua kwamba mzee anayempimia ndiye anayetoa jarida la fasihi kila baada ya miezi mitatu. Lilikuwa jarida jembamba lenye hadithi, mashairi, michoro ya kalamu na insha za kufikiri juu ya maisha yetu. Lilichapwa kwenye stesheneri moja ya karibu na stendi, kisha fundi cherehani aliyekaa barazani kwake akalishona mgongo kwa mshono ulionyooka. Kama siku hiyo fundi alikuwa akishona nguo nyekundu, toleo zima lilishonwa kwa uzi mwekundu. Makondakta wa mabasi walizibeba nakala hadi Singida na Arusha, na nyingine zilibaki dukani pale kaunta, kando ya mkasi.

Mkasi ule nao niuseme. Ulikuwa mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, na ndio aliotumia kuhariri. Hakufuta sentensi kwa kalamu. Aliikata, akaiweka kando, akaunganisha kilichobaki kwa gundi. Mtu aliyeandika kurasa kumi aliweza kurudishiwa nne, pamoja na bahasha ya vipande vyake, kwa sababu Mhariri alisema si haki kumtupia mtu mabaki ya kitambaa chake. Mimi bahasha zangu ninazo zote. Nimewahi kuvimwaga vile vipande mezani nikitafuta alikosea wapi kukata. Sikuona, na hilo nalo lilinitia hasira.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na naandika hadithi. Katika jarida nilikuwa msaidizi. Waandishi waliniletea miswada shuleni, nikaisoma kwanza, nikasahihisha makosa ya wazi, na Jumamosi baada ya sala ya alasiri nikaipeleka dukani. Mhariri alifunga nusu ya mlango, akaketi juu ya jora la khaki, mimi nikapewa kigoda mbele yake, karibu na dirisha. Kisha alisoma kila kitu kwa sauti, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Alisoma kwa sauti kavu, sauti ya mtu anayesoma orodha ya bidhaa, kwa makusudi kabisa. Alisema hadithi inayohitaji msomaji mwenye sauti nzuri haijamalizika kuandikwa. Jina la mwandishi nililikunja kwa ndani, asilione hadi awe ameamua.

Akimaliza aliniuliza swali lilelile, kwamba Mwalimu unaonaje. Nami nilisema. Nilisema kwa kirefu, maana nilijiona najua. Na yeye alitikisa kichwa kwa adabu, akanishukuru, halafu akafanya kinyume cha nilichosema. Niliposifu, muswada ulikwenda kwenye kapu la chini ya kaunta. Nilipoukosoa kwa hoja tano, uliingia kwenye toleo linalofuata. Haikuwa hivyo kila mara, ila mara nyingi kiasi cha kunikera. Nikirudi nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba mzee yule ananiuliza ili apate mtu wa kumpuuza.

Hadithi zangu mwenyewe alichapa tatu katika miaka yote hiyo, zote kule nyuma, baada ya michoro, ukurasa mmoja na tangazo la duka la mbolea. Kuhusu hizo alisema zimeandikwa vizuri. Aliyemjua Mhariri alijua kwamba maneno hayo aliyatoa pale tu alipokosa jingine la kusema.

Alikuwa na maneno yake mengi, na baadhi watu wanayatumia hadi leo bila kujua yalitoka wapi. Hadithi ndefu alisema ina yadi mbili za kuburuzika chini. Kwa waliopenda kuandika insha kubwa juu ya jamii alisema fikra ambayo hakuna mtu ndani yake ni tangazo la mkutano. Alitaka insha za mambo madogo. Aliwahi kumwomba mchungaji mmoja wa Kilutheri aandike kwa nini sebule za watu wa Nakwa zimefunikwa vitambaa kumsubiri mgeni asiyekuja, wakati wenye nyumba wanakaa jikoni miaka yote. Mchungaji alicheka, akaandika, na ile insha ilizua ugomvi katika nyumba kadhaa. Katika nyumba mbili ninazozifahamu vitambaa vilitolewa. Mhariri, ambaye ndiye aliyewauzia vile vitambaa, alifurahi mwezi mzima.

Lakini sitaki kumfanya malaika. Alikataza machozi katika hadithi, akisema mhusika akilia msomaji anapata ruhusa ya kutolia, na mwenyewe alikuwa akisikiliza matangazo ya vifo redioni, vifo vya watu asiowajua, na leso mkononi. Alituhubiria kwamba mwandishi asitafute sifa, na katika droo ya kaunta alikuwa na barua moja ya kumsifu, kutoka kwa msomaji wa Kondoa, imekunjwa na kukunjuliwa hadi imeachana katikati. Hakuchapa hata shairi lake moja. Ila mteja aliyesimama pabaya, anayesubiri chenji, aliweza kukaririwa beti nane bila kuomba. Wateja walivumilia kwa sababu alipima kwa haki na kuongeza sentimita chache.

Tena alikuwa na hasira za ghafla. Mchoraji wa mabango aliyetuchorea majalada alileta siku moja picha ya twiga na jua linazama. Mhariri aliiangalia, akamuuliza mara ya mwisho amemwona twiga lini. Yule kijana akasema hajawahi. Akaambiwa aende ziwani achore viboko, au kama anawaogopa achore watu wanavyowaogopa. Alichora wanawake wawili wamesimama na ndoo tupu, wanatazama maji, wanasubiri. Kiboko hayumo. Ndilo jalada bora tulilowahi kutoa. Mimi siwezi kuchora hata yai, lakini nakumbuka nililitazama nikasikia roho inaniuma, nikasema ndoo zimepinda. Mhariri akaagiza lichapwe vilevile.

Sababu za kukataa hakuziandikia barua. Aliona kumkataa mtu kwa maandishi ni kumpa karatasi ya kulilia. Desturi ilikuwa kwamba matoleo mawili yakipita bila kuona jina lako, ujue jibu. Na kuuliza kulihesabiwa utovu wa adabu. Waandishi wote walilijua hilo na walilitii, hata wale wenye vyeo mjini. Ukimya wake ulikuwa neno lake, na hakuna aliyelikatia rufaa.

Sasa niseme kuhusu Paskali.

Paskali alikuwa mwendesha mashine ya kusaga kule Sigino, mkulima wa mbaazi na mahindi, mtu wa kutoka nyanda za Mbulu aliyeishia darasa la saba. Alinijia shuleni na kofia mkononi, akanipa shikamoo ingawa tumelingana umri, akaniachia daftari. Nilipolifungua unga ulianguka mezani kwangu. Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni, kimenyooka, bila madaha. Nikaanza kusoma nimesimama, nikamaliza nimekaa, na chai yangu ilikuwa imepoa.

Jumamosi ile Mhariri alisoma kwa sauti yake ya orodha ya bidhaa. Nikatoa kasoro. Nilisema mwanzo umechelewa, nikasema mhusika hana jina, nikasema na unga pia, kwamba mtu aheshimu karatasi. Mhariri alinisikiliza hadi mwisho, akakunjua jina, akasema, “Huyu ni mwandishi.” Mimi alikuwa ananiita Mwalimu kwa mwaka wa saba wakati huo.

Baada ya hapo Paskali alikuwa anatoka mara kwa mara, ukurasa wa kwanza. Alikuja dukani siku za mnada, wakakaa na Mhariri kwenye majora wanazungumza juu ya sentensi moja kwa saa nzima, wanakunywa chai ya tangawizi kwenye vikombe ambavyo mimi ndiye niliyevinunua. Nilipoingia walinisogezea kigoda kwa heshima zote. Hakuna kitu kinachouma kama heshima ya watu wanaofurahi bila wewe. Nilianza kuandika kama Paskali, watu wasio na majina, mwanzo wa kuchelewa. Mhariri akasema zimeandikwa vizuri.

Halafu Paskali akaniletea hadithi moja. Ndugu wawili wanagawana shamba la marehemu baba yao, na mpaka wanaoukubali, baada ya ugomvi mwingi, unapita katikati ya jiko la mama yao. Hakuna anayetaka kulivunja. Basi mama anaendelea kupika humo humo. Akimpikia mkubwa anaweka sufuria jiwe la upande huu, akimpikia mdogo anaihamishia upande ule. Siku moja wanamkuta amekaa nje, moto umezimwa, anakula mkate mkavu, na wanapomuuliza anasema leo alitaka kujipikia mwenyewe, akakosa pa kuweka sufuria. Basi. Imeishia hapo. Hakuna aliyelia, hakuna aliyehubiri juu ya ardhi wala wanawake, na ukimaliza huwezi kulitazama jiko la mtu yeyote kama zamani.

Sikuipeleka dukani. Wiki ya kwanza nilijidanganya kwamba naisahihisha. Wiki ya pili nikainakili kwenye daftari langu kwa mwandiko wangu, neno kwa neno, ili nijue mkono unajisikiaje ukiandika kitu kama kile. Niliinakili mara tatu. Mara ya tatu niliangalia nafasi ya jina pale chini kwa muda mrefu, na Mungu anisamehe, sikuandika kitu, lakini niliangalia. Kisha nikaiweka chini ya vitenge kabatini.

Toleo moja likapita. Likapita la pili. Paskali hakuuliza, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Alikoma tu kuja. Mhariri aliniuliza mara moja yule wa Sigino yuko wapi, nikasema yuko bize na shamba. Akaniuliza tena baada ya mavuno, nikasema hivyo hivyo. Ningetaka kusema nilikosa usingizi. Ukweli ni kwamba nililala vizuri, na hadithi yangu moja ilitoka, ukurasa wa nne.

Baadaye sukari ilimla Mhariri macho. Duka likafungwa, akabaki nyumbani kwake na mkewe, Mama Zuhura, na jarida likasimama kwa matoleo mawili. Aliniita, nikaenda kumwona asubuhi moja baada ya mvua za kwanza, wingu limekaa juu ya mlima Kwaraa. Nilimkuta amekaa uani, anachambua mbaazi kwa vidole, mbovu anaitambua kwa kuigusa. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba Mwalimu kabla sijafika karibu.

Tulizungumza habari za mjini. Kisha akasema ameniita kwa sababu anataka nilichukue jarida. Niseme ukweli, nilikuwa nimelingoja neno hilo kwa miaka, na nilikuwa nimeshapanga hadi hadithi yangu itakayofungua toleo la kwanza. Nikajifanya kusita. Nikamwambia Mzee wewe hujawahi kukubaliana na mimi juu ya muswada hata mmoja, utaniachiaje?

Alicheka kidogo. “Maneno yako sikuyafuata, ndiyo. Nilikuwa nafuata uso wako. Kwa nini unadhani nilikuweka pale dirishani?”

Nikamwambia sielewi.

“Hadithi mbaya ikisomwa unakuwa mkarimu, unamsifu mwandishi, uso umetulia. Hadithi nzuri ikisomwa shavu lako hili hapa linakaza, kisha unaanza kuhesabu makosa. Hukuwahi kukosea, Mwalimu. Hukumwonea wivu mtu asiyestahili hata siku moja. Mimi sikio langu ni la mwenye duka tu. Sasa sioni uso wako, sijui tena kipi kizuri. Ndiyo maana nimesimamisha.”

Miaka yote nilikuwa namwonea wivu kwa sikio lake, na sikio lenyewe lilikuwa mimi. Ningepaswa kufurahi. Niliona aibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba alikuwa akitazamwa anaoga. Na palepale nikajua siwezi kulichukua jarida lake na lile daftari likiwa chini ya vitenge vyangu.

“Kuna hadithi sikukuletea,” nikasema. “Ya Paskali.”

Vidole vyake viliacha kuchambua. Akauliza tangu lini. Nikamwambia, mwaka wa tatu huu. Hakuuliza kwa nini. Alisema nimsomee, nikasema sikuja nayo, akasema basi niseme ninachokumbuka. Nikaisema yote. Niliikumbuka hadi koma zake. Nilijitahidi kuisema kwa sauti kavu, kama yake, na ilinishinda pale kwenye sufuria.

Nilipomaliza, Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Kisha Mhariri aliongea, na hasira zake zile nilizozijua hazikuwepo, ilikuwa sauti ya chini.

“Alidhani mimi ndiye niliyemkataa. Kwa miaka mitatu ameishi na neno langu ambalo sikulisema.”

Nikasema nisamehe, Mzee. Akasema msamaha wa hilo hanao yeye, uko Sigino. Nikamuuliza kama na jarida nimelikosa. “Jarida ni lako,” akasema, “tena sasa sikupi kama zawadi, nakupa kama deni. Nenda.”

Nilikwenda mchana uleule. Paskali alizima mashine aliponiona, ili tusikizane, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakanitazama vibaya. Nilimwambia kila kitu, nimesimama, bila kupunguza. Nilitaka anitukane. Alijifuta mikono, akasema asante kwa kuja, Mwalimu, njia ina matope. Alisema alidhani Mzee ameona ukweli, kwamba zile za mwanzo alibahatisha. Baada ya hapo hakuandika tena. Daftari alizokuwa nazo mkewe amewashia moto. Sasa ana mashine ya pili, watoto wako shule, hana shida. Akaniuliza kama hadithi ile ilikuwa nzuri kweli. Nikamwambia ni nzuri, ni bora kuliko chochote nilichoandika au nitakachoandika. Alitazama chini, akasema haikumbuki vizuri, akawasha mashine.

Njiani kurudi nilisikia kitu kifuani, nikakitafutia jina, na jina lake lilikuwa nafuu. Ameacha. Hataniumiza tena. Nilipopitia kwa Mhariri jioni ile nilimweleza yote, na hilo la nafuu nikamweleza pia, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuficha.

Mwisho akasema, “Utaona.”

Hakuongeza neno, na mimi sikumuuliza, kwa desturi yetu. Tulimzika kabla ya mavuno. Toleo langu la kwanza lilifunguliwa na hadithi ya jiko, kwa jina la Paskali. Hadithi yangu niliyoipangia ukurasa ule niliikata vipande kwa mkasi wake, na bahasha ninayo.

Sasa ni toleo la tano. Miswada inakuja mingi kuliko zamani, toka Katesh, toka Mbulu, vijana wanatuma hata kwa simu. Jumamosi alasiri nakaa dirishani najisomea kwa sauti kavu. Nasifu. Nasema huyu ana mwanzo mzuri, yule ana lugha safi, zimeandikwa vizuri. Uso wangu umetulia. Siku nyingine nabeba mahindi yangu hadi Sigino, ingawa mashine ipo nyuma ya nyumba yangu, na Paskali ananisagia, tunaulizana hali za nyumbani. Sijathubutu kumuuliza kama ameanza tena. Nasimama kwenye foleni na gunia langu, na ninamwomba Mungu mtu yule aniumize.